Pikapu ya Vaios Inalalia Kushoto

Pikapu ya Vaios ilikuwa inalalia kushoto, na kwa sababu hiyo tu mke wake Evanthia alikuwa anahamishwa kutoka kijijini. Nalisema hili mapema, asije mtu akaniuliza baadaye kwa nini watu wazima watatu tulipoteza Jumamosi nzima ya Februari tukijikunja chini ya gari, juu ya saruji baridi.

Mambo yenyewe ni haya. Figo za Evanthia zimekufa. Mara tatu kwa wiki lazima afike mjini Larisa aunganishwe na mashine ya kusafisha damu, halafu anarudi kama nguo iliyokamuliwa. Zamani lilikuwapo basi. Nalikumbuka basi lile, namkumbuka na dereva wake, alivyoliegesha mbele ya mkahawa wa Rizos akaingia kunywa kahawa abiria wakimsubiri. Nakumbuka pia siku walipoliondoa wakatuambia ni kwa muda. Hapa Mavrolithi kila kilichoondolewa kiliondolewa kwa muda: basi, shule, daktari wa Alhamisi, treni kusimama. Muda huo bado haujaisha.

Ikabaki pikapu. Na Jumatatu pikapu ilikuwa inakwenda kwenye ukaguzi. Zisis fundi alikuwa ameshasema wazi: akikosa sababu ya gari kulala, basi chasisi imepinda, na gari la chasisi iliyopinda mkaguzi haliachii kurudi barabarani, na yeye Zisis haliachii pia, hata likiwa la mama yake. Bila pikapu, Evanthia angekwenda kukaa kwa dada yake Larisa, ghorofa ya nne, lifti mbovu, dirisha linalotazama dirisha la jirani. Dada alishatandika kitanda. Sanduku lilishafungwa, limesimama nyuma ya mlango kama mgeni asiyejua aketi wapi.

"Si kifo," Vaios alimwambia. "Ni Larisa tu."

"Kwa umri wangu," akajibu Evanthia, "tofauti ni ngazi."

Mimi nilikuwa nimetoka njia panda asubuhi hiyo, kwenye matrekta sisi wakulima tuliyofungia barabara kuu kwa mgomo, na sauti imenikauka. Jina langu Stergios, lakini wananiita Kipaza, kwa hotuba zangu za mrengo wa kushoto. Siku hiyo Kipaza betri ilikuwa imekwisha.

Lazima niueleze uwanja, maana bila uwanja hakuna kisa. Ni uwanja wa ushirika, ubavuni mwa nyumba ya Vaios. Baba zetu waliumwaga wenyewe, ndoo kwa ndoo, mwaka walipochoka kuibiwa kwenye mizani ya mfanyabiashara wa pamba. Walinunua mizani yao wakaichimbia katikati, na ili mizani isiseme uongo wakaunyoosha uwanja kwa uzi na pima maji, mpaka, kama alivyokuwa akisema marehemu baba, yai lingekaa pale pale ulipoliweka. Tangu hapo, chochote kinachotaka kunyooshwa Mavrolithi kinaletwa uwanjani. Plau inarekebishwa uwanjani. Meza ya harusi ikiyumba inaletwa uwanjani ikatwe mguu. Mtu akitaka kuapa kwamba hakudanganya anasema, "Niko sawa kama uwanja."

Na uwanja una sheria yake. Unaingia kwa lango la reli, unapita kwenye mizani, unatokea kwa lango la mfereji. Hivyo tangu enzi za mikokoteni. Msimu wa pamba foleni ilifika hadi makaburini, na mtu ambaye angethubutu kugeuza gari humo ndani angetukanwa yeye, baba yake, na mtoto ambaye hajazaliwa. Baadaye ushirika ukafa. Benki ilichukua matrekta, mkurugenzi akachukua alichochukua, waziri akaja akapiga picha. Mizani ikashika kutu. Lakini sisi, hata mtu akiwa peke yake, hata Jumapili saa sita mchana, tunaingia kwa reli, tunaegesha uso ukitazama mfereji, tunatokea kwa mfereji. Uwanja hawakuweza kuubeba. Nilikuwa nikiwaambia vijana: katika nchi hii kila kitu kimeinama mbele ya mtu fulani, isipokuwa saruji hii.

Basi pikapu ilisimama hapo, uso mferejini, tupu, na Zisis akaweka pima maji yake juu ya bodi nyuma, kwa kukingama. Kipovu kikakimbilia kulia kikaganda. Maana yake kushoto ni chini.

"Tumbo la dereva hilo," Zisis alisema. "Miaka ishirini anakaa upande huo huo wa kushoto, kwenye usukani. Hata punda angepinda."

"Dereva yuko hapa chini anakushikia tochi," Vaios akajibu. "Lipime gari, niache mimi."

"Mimi nadhani ni siasa. Gari la mtu aliyempigia Kipaza kura maisha yake yote, lingelalia wapi kama si kushoto?"

Nilitaka kumjibu, ikatoka sauti kama ya bawaba. Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka, kicheko kile cha watu wanaojua kwamba kazi haijaanza.

Tulianza na vilivyo rahisi. Upepo wa matairi: sawa. Matairi yenyewe: tukayahamisha, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kipovu hakikusogea. Springi: mwezi Novemba jani moja la springi ya nyuma kushoto lilikatika kweli, Zisis akalibadilisha, na gari likaendelea kulala. Kwa hiyo Zisis alikuwa na shaka na springi nzima ya upande huo. "Chuma kilichochoka hakionekani kwa macho," alisema. Njia ya kukigundua ni moja: toa springi zote mbili za nyuma, ya kushoto ifunge kulia, ya kulia ifunge kushoto. Kama ugonjwa uko kwenye springi, gari litahamia upande wa pili pamoja na ugonjwa wake.

Hii inasemwa kwa dakika. Kuifanya ni kitu kingine. Bolti zilikuwa zimeungana na kutu kama mume na mke. Zisis alizipiga, akazipasha moto, akazitukania watakatifu mmoja mmoja kwa majina, naye ni mtu anayeimba kanisani kila Jumapili. Vaios alishika jeki. Mimi nilibeba. Upepo ulishuka kutoka milimani ukapita chini ya gari kana kwamba umetutafuta hapo sisi hasa.

Evanthia alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya geti lake, blanketi magotini, akinyonya kipande cha limau. Maji haruhusiwi ila kidogo sana, na limau linamdanganyia kiu. Alitutazama tukinywa kahawa yetu. Jana yake alikuwa ametoka mashineni.

"Lakini njiani halinilalii," alisema mara moja, wakati Zisis ametoa kichwa kupumua. "Zamani, kabla ya ile springi ya Novemba, nilikuwa namwangukia Vaios kwenye kila kona. Siku hizi nakaa vizuri."

"Shemeji," Zisis alisema kwa upole, "wewe ukirudi kutoka kule huoni hata milima. Ungeona kulala kwa gari?"

Alirudisha limau mdomoni.

Jua lilikuwa limeshavuka juu ya kibanda cha mizani tulipomaliza kufunga. Tukaishusha pikapu kutoka kwenye jeki, Vaios akarukaruka bodini ili springi zikae mahali pake. Zisis akaifuta pima maji kwa shati, akaiweka. Tukasogeza vichwa vitatu kama watu wanaochungulia kisima.

Kipovu kulia. Gari kushoto. Palepale, hata unywele haukupungua.

Zisis alipiga magoti. Alichukua futi, akapima kutoka saruji hadi katikati ya gurudumu, upande huu na upande ule. Sawa. Akapima kutoka gurudumu hadi ukingo wa bodi. Tofauti ilikuwa unene wa kucha. Akarudi kwenye pima maji akaitazama tena, na pale nikaona uso wake unasawijika.

"Miguu ni mizima," alisema. "Springi nzima, ekseli nzima, matairi mazima. Chini kote kumenyooka, na juu kumelala. Katikati ya chini na juu kuna nini? Chasisi. Imejisokota."

"Ilijisokota wapi?" Vaios aliuliza. "Mimi sijagonga hata kuku."

"Sijui wapi. Shambani. Kwenye mtaro. Ukiwa umepakia marobota. Sijui, Vaios." Alianza kukusanya spana zake, akizipanga polepole kama anayekunja nguo za maiti. "Mpeleke leo, mwendo wa pole. Ukirudi, liegeshe. Usilirudishe barabarani na mtu ndani."

Vaios alikaa kwenye ukingo wa mizani. Mikono yake ilikuwa na grisi hadi viwikoni, nayo ilining'inia kati ya magoti kama zana za mtu mwingine. Namjua tangu tukiwa wadogo. Nilisimama kwenye ndoa yake nikamshikia taji la harusi kanisani, mimi nisiyemwamini Mungu, kwa sababu aliniomba. Sijawahi kumwona amekaa hivyo, hata mwaka mvua ya mawe ilipoiangusha pamba yote chini.

Nilitaka kusema jambo juu ya basi. Nilikuwa nalo tayari, lote, na tarehe zake na majina ya waliotia sahihi. Koo likakataa. Pengine ilikuwa heri.

Evanthia alisimama. Alikunja blanketi, akaliweka kitini, akaingia ndani, akatoka akiliburuta sanduku kwa kamba. Vaios aliruka kumpokea.

"Liache," Evanthia alisema. "Geuza gari."

"Nini?"

"Mlango wangu uko upande wa mizani. Mnataka nilizunguke gari kwa miguu hii? Geuza, mlango uje hapa getini."

Vaios akanitazama mimi. Si Zisis, mimi. Kila mtu anajua nani analinda sheria za uwanja ule.

"Shemeji," nikasema kwa kukwaruza, "sanduku nitabeba. Hata wewe nitakubeba. Lakini humu gari haligeuzwi. Linaingia kwa reli…"

"…linatokea kwa mfereji. Stergios, nimefagia pamba kwenye uwanja huu nikiwa na nywele nyeusi. Mizani imekufa. Foleni imekufa. Waliokuwa wakipiga honi nyuma wako makaburini wote. Nani atanitukana? Wewe? Kwa sauti hiyo?"

Zisis alikohoa ili asicheke.

"Mimi ndiye ninayeondoka," Evanthia alisema. "Basi mara moja niondoke kwa kupandia karibu."

Vaios aliingia garini. Alirudi nyuma, akasonga mbele, akarudi tena, akilizungusha gari kwa aibu, kama mtu anayevaa shati ndani nje mbele ya watu. Mimi niligeuza uso nikatazama ukuta. Nilipogeuka, pikapu ilikuwa imesimama uso relini, mlango wa Evanthia getini kwake. Sijawahi kuona gari limekaa hivyo pale. Lilionekana kama si lake.

Zisis alikwenda kuchukua pima maji yake aliyoisahau bodini. Akanyoosha mkono, mkono ukabaki hewani.

"Vaios, usishuke."

"Nini tena?"

"Nimesema usishuke! Kipaza, njoo hapa. Kipovu kiko wapi?"

Nikatazama. "Kulia," nikasema, maana kilikuwa kulia tangu asubuhi. Kisha nikatazama tena.

"Kushoto," nikasema.

"Kushoto. Gari linalalia kulia."

"Haliwezi kulalia kulia," Vaios alipiga kelele kutoka dirishani. "Tangu Novemba linalalia kushoto!"

"Rudisha lilivyokuwa!"

Vaios akageuza tena, safari hii kwa hasira, gurudumu likipanda ukingo wa mizani. Uso mferejini: kushoto. Akageuza tena. Uso relini: kulia. Evanthia alikuwa amekalia sanduku lake, anatutazama kama unavyotazama mbuzi waliokula kitu kibaya.

Zisis aliinua pima maji kutoka bodini. Alichuchumaa, akaisogeza kuelekea sakafu.

"Usiweke hapo," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema. Aliniangalia mara moja, akaiweka. Juu ya saruji, juu ya uwanja. Kipovu kikateleza upande wa mizani kikakaa. Akasogea hatua, akaiweka tena. Akasogea tena. Akaenda hadi ukuta wa nyumba ya Vaios, mahali kisima cha ushirika kilipo, kile chenye pampu, na pale kipovu kikajificha kabisa kwenye ncha ya kioo.

"Gari ni zima," Zisis alisema, bado amechuchumaa. "Uwanja ndio umelala."

Basi hapo sauti yangu ilirudi. Sijui ilitoka wapi. Nilisema juu ya ziwa walilolikausha wakubwa na kutuahidi mashamba, na mashamba wakapata wao. Nilisema juu ya mainjinia waliotuambia chimbeni visima, maji yamejaa chini, hayaishi. Na kila kiangazi bomba linarefushwa, na kila kiangazi tunaambiwa pandeni pamba zaidi, na tunavuta, tunavuta, na hakuna aliyesema kwamba ardhi iliyonyonywa maji hukaa chini kama mtu aliyechoka. Walikuwa wanajua! Nilisema majina. Nilisema mpaka kikohozi kikanikata, nikashika kibanda cha mizani, na nikiwa nimekishika nikaona kwamba na chenyewe kimeinama, kimeinama pamoja na uwanja, ndiyo maana macho yetu hayakushtuka.

"Stergios," Evanthia alisema, "nyamaza kidogo. Zisis, nijibu mimi. Gari ni zima?"

"Zima, shemeji. Ilikuwa ile springi ya Novemba tu. Nilikuwa nimeshaliponya, nikaendelea kulitibu."

"Jumatatu litapita?"

"Kule sakafu yao iko sawa. Litapita."

"Kwa hiyo siendi kwa dada yangu."

Vaios alishuka garini. Alisimama mbele yake, hakujua afanye nini na mikono ile ya grisi.

"Huendi," akasema.

"Niliwaambia njiani halinilalii."

Alijaribu kusimama, akashindwa mara ya kwanza, na Vaios akamshika kwa viwiko, akimtia grisi kwenye sweta, na yeye akamwacha.

Mimi nikabeba sanduku. Sikuwa nimeingia chumbani kwao tangu siku za harusi. Nyuma ya jiko la kuotea moto kulikuwa na ufa, unapanda ukuta kama mzabibu, plasta ya mwaka huu juu ya plasta ya mwaka jana. Na chini ya mguu mmoja wa kitanda, upande wa kisima, kulikuwa na vipande vya ubao: kimoja cheusi kwa uzee, juu yake kingine, juu yake kingine bado cheupe.

Evanthia aliniona nikitazama.

"Kitanda kilianza kuyumba," alisema. "Vaios akakiwekea kabari. Kila baada ya muda anaongeza."

Vaios alikuwa mlangoni. Alivitazama vile vipande vya ubao, kisha ufa, kisha dirisha ambalo ng'ambo yake kiko kisima. Nilimwona akihesabu kitu kichwani, na nikamwona akiacha.

"Inabidi tuitishe mkutano," nikasema. "Leo hii. Nitachukua kipaza sauti cha njia panda, nitazunguka…"

"Kesho," Evanthia alisema. Alikuwa ameshakaa kitandani, anavua viatu. "Kesho mwitishe mkutano, mfunge barabara, mmchome moto waziri mkitaka. Leo nataka kulala hapa. Funga mlango ukitoka, unaburuta chini, lazima uunyanyue."

Nikaunyanyua, nikaufunga.

Nje Zisis alikuwa amekalia bodi la pikapu, amejimiminia tsipouro, pombe kali ya zabibu, kwenye kikombe cha kahawa. Akanipa. Springi za pikapu zilikuwa bado zimebadilishana pande, kazi nzima ya siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuzirudisha.

"Ziko sawasawa," alisema. "Hazitajua."

Tulipokezana kikombe. Baada ya muda akasema kwamba baba yake ndiye aliyekuwa ameshika upande wa pili wa uzi, siku baba yangu aliponyoosha uwanja. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimemwambia mimi, mara nyingi.

Nilipoondoka niliomba pima maji. Alinipa bila kuuliza.

Mkutano tuliufanya Jumapili baada ya kanisa, kwenye mkahawa wa Rizos. Walikuja wachache, wengi walikuwa njia panda na matrekta. Nikasema nilichokuwa nacho. Mmoja akauliza kama nataka wasimwagilie maji kiangazi, na kama sitaki, basi nataka nini. Nikaanza tena na ziwa, akacheka, wengine hawakucheka. Mwanamke mmoja alisema mlango wake wa zizi haufungiki tangu mwaka juzi. Mwingine akasema wake. Tukaachia hapo.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimepiga magoti kwenye kizingiti cha nyumba yangu, mkabala na lango la reli, pima maji mbele yangu, miwani puani, nikingoja kipovu kitulie. Nikasikia injini ya pikapu. Vaios alikuwa nyuma ya usukani, na Evanthia kando yake, kitambaa kichwani, kipande cha limau kwenye mfuko wa plastiki mapajani. Mashine kwanza, ukaguzi baadaye.

Walitoka kwa lango la reli, lango la kuingilia, kwa sababu ndiko uso wa gari ulikokuwa. Sikuwapigia kelele. Evanthia aliinua mkono, nami nikainua wangu. Na nilipoinama tena kipovu kilikuwa kimeshatulia, na hakikuwa katikati.